Mnunua Kufuli Ahesabu Funguo

Kila siku, Unguja na Pemba, wananchi hununua umeme wa kulipia kabla, wakaletewa tarakimu 20, wakazibonyeza moja moja katika mita na taa zikawaka. Jirani akizinakili tarakimu hizo na kuzitia katika mita yake, hazimfai kitu. Mwenyewe akizirudia mara ya pili, mita huzikataa. Hapana karani aliyekaa ndani ya kisanduku kile. Kinachoamua ni hesabu. Tarakimu zile ni fumbo lililofungwa kwa ufunguo, na kila mita imepewa ufunguo wake. Utaratibu huo ulibuniwa na wataalamu wa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, na leo unatumika katika nchi nyingi za dunia.

Tumeanza na mita ya umeme kwa makusudi. Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni watumishi wa Serikali wenye vyeo, wanaodhani kwamba elimu ya mafumbo, ambayo wataalamu huiita kriptografia, ni jambo la wapelelezi wa nchi za nje au la vijana wanaotafuta utajiri wa haraka katika simu. Ukweli ni kwamba elimu hiyo imekwisha kuingia ndani ya nyumba zetu bila ya kubisha hodi. Imo katika kadi ya benki, imo katika fedha tunazotumiana kwa simu, na imo katika salamu anazozipeleka mama wa Wete kwa mwanawe aliyeko Maskati. Tunaitumia mchana na usiku, lakini ni wachache mno wanaoifahamu. Mwaka 2024, upande wa Bara, wateja wa TANESCO walitangaziwa kwamba lazima watie tarakimu za ziada katika mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Sababu yake ilikuwa ni saa iliyomo ndani ya hesabu hiyo, inayohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, nayo ilikuwa inafikia ukomo wa tarakimu zake. Wengi walibonyeza walichoambiwa, wakashukuru kuona taa hazikuzimika, na wala hawakujua walichokifanya.

Taifa linalobonyeza bila kujua haliwezi kudai kuwa limejitawala katika jambo hilo. Kwa sababu hiyo tunaona kuwa wakati umefika wa kulizungumza suala la kuwasomesha vijana wetu elimu ya mafumbo, hasa ile inayohusu fedha za kidijitali, faragha ya mwananchi na kuficha jina katika malipo. Tunalizungumza kwa wananchi wenzetu wa visiwani, na tunalizungumza kwa viongozi wenye kutoa maamuzi.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kwenda skuli tunakumbuka lugha ya kinyume. Silabi ya mwisho ya neno hutolewa ikatangulizwa mbele: chakula kikawa "lachaku", na mwalimu akawa "mumwali". Kwa lugha hiyo tulisengenyana, tulipanga safari za kwenda kuogelea, na tuliamini kwa yakini kwamba mwalimu aliyekaa mbele yetu na bakora yake hafahamu hata neno moja. Siku moja mwalimu aliinuka kwenda msikitini. Alipofika mlangoni aligeuka, akatuambia kwa kinyume kisichokuwa na kigugumizi kwamba akirudi anamtaka kila mmoja awe amekwisha kuhifadhi sura yake, na kwamba safari ya pwani haipo. Alikuwa akikisema kinyume kabla sisi hatujazaliwa.

Mwalimu wetu alitufundisha siku ile, bila ya ubao, kanuni ambayo Auguste Kerckhoffs aliiandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa mwaka 1883. Kanuni hiyo inasema kwamba usalama wa fumbo usitegemee kuficha namna lilivyotengenezwa, maana namna hujulikana siku zote, leo au kesho. Usalama wote na uwe katika ufunguo. Sisi tulificha namna tu, na ufunguo hatukuwa nao. Mwenye kuijua namna alitusikia sote.

Wala elimu hii si ngeni kwa ustaarabu uliozilea pwani zetu. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanachuoni Al-Kindi aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri. Alionyesha kwamba kila lugha ina herufi zinazopendelewa kuliko nyengine, na kwamba anayezihesabu herufi za fumbo refu ataweza kuzitambua hata zikibadilishwa sura. Katika Kiswahili herufi "a" ndiyo inayotawala, na mtoto wa skuli mwenye subira anaweza kulifumbua fumbo la namna hiyo kwa kalamu na karatasi. Tena neno "sifuri" tunalolisoma katika darasa la kwanza ndilo lile neno la Kiarabu ambalo watu wa Ulaya walilichukua wakalifanya jina la maandishi ya siri. Basi asije mtu akatuambia kwamba mlango huu haukuandikiwa sisi.

Mageuzi makubwa ya elimu hii yalitokea mwaka 1976. Tangu zama za kale, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri walilazimika kwanza kukutana na kupeana ufunguo. Mwaka huo Whitfield Diffie na Martin Hellman, huko Marekani, walionyesha njia ya kuondokana na sharti hilo, na mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni utaratibu kamili unaotumika mpaka leo. Mfano wake ni mtu aliyetengeneza makufuli mengi, akayagawa yakiwa wazi kwa kila amtakaye, na ufunguo mmoja tu akaubakisha nyumbani. Yeyote anaweza kutia barua katika sanduku na kulifunga kwa kufuli hilo, lakini wa kulifungua ni mmoja.

Kufuli hilo limetengenezwa kwa kuzidisha. Mpe mwanafunzi wa darasa la saba namba 89 na 97, mwambie azizidishe. Hatachukua muda kukwambia 8,633. Sasa mpe mwenziwe hiyo 8,633 na umtake atafute ni namba gani mbili zilizozidishwa. Atahangaika. Katika kazi halisi namba hiyo huwa na tarakimu zaidi ya 600, na mashine za kompyuta zilizopo leo hazijaweza kuifumbua. Kwa kuzidisha tu, hesabu ya skuli ya msingi, yamelindwa mabenki ya dunia.

Inafaa pia ikumbukwe jinsi wakubwa walivyoifanyia choyo elimu hii. Wataalamu wa idara ya siri ya Uingereza waliigundua njia hiyo mapema kabla ya Wamarekani waliotajwa, ikafichwa, na haikutangazwa mpaka mwaka 1997. Marekani nayo iliiweka elimu ya mafumbo katika orodha ya zana za kivita zisizotoka nje ila kwa kibali, na masharti hayo yalianza kulegezwa mwaka 1996 tu. Kitu kinachofichwa hivyo na wenye nguvu hakiwezi kuwa mchezo wa watoto.

Tuje sasa katika fedha. Wafanyabiashara wa zamani wa Unguja walijua hawala na hundi. Mtu alitoa fedha hapa, akachukua karatasi, na mwenziwe akalipwa Bombay au Maskati. Hawala ilisimama juu ya uaminifu wa watu wanaojuana. Swali lililowashughulisha wataalamu wa mafumbo ni hili: je, inawezekana kuwa na fedha inayosafiri bila ya kuonekana kwa macho, baina ya watu wasiojuana, isiweze kughushiwa wala kutumiwa mara mbili, na hata hivyo isimtangaze aliyeilipa?

Jawabu la mwanzo lilitolewa na David Chaum mwaka 1982. Alibuni sahihi ya upofu. Mfano wake ni noti iliyotiwa katika bahasha pamoja na karatasi ya kaboni. Benki hutia sahihi juu ya bahasha, sahihi ikapenya mpaka katika noti, lakini benki haioni namba ya noti ile. Baadaye noti inaporudi, benki huitambua sahihi yake na huilipa, ila haijui ni nani iliyempa. Chaum aliunda kampuni ya DigiCash mjini Amsterdam mwaka 1989 ili kuieneza fedha hiyo. Kampuni ilifilisika mwaka 1998, lakini hesabu yake haikufilisika.

Kisha tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilitoa waraka wa kuielezea Bitcoin, na tarehe 3 Januari 2009 ukurasa wa mwanzo wa daftari lake ukafunguliwa. Wahenga wetu wamesema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Waliobuni Bitcoin walilichukua daftari, wakampa kila mtu nakala yake, na kila baada ya dakika 10 takriban huongezwa ukurasa mpya uliofungamanishwa kwa hesabu na kurasa zilizotangulia, hata anayetaka kufuta mstari mmoja wa zamani hulazimika kuandika upya kila kilichofuata. Idadi ya sarafu hizo imewekewa mpaka wa milioni 21.

Hapa pana makosa mawili ambayo yanafaa kusahihishwa, moja la vijana na moja la wakubwa.

Vijana wengi wanaamini kwamba fedha hizi zimejificha kabisa, kwamba anayelipa kwa Bitcoin haonekani. Sivyo. Katika daftari lile majina hayamo, lakini namba zimo, na kila malipo yako hadharani daima. Pindi namba moja ikijulikana ni ya nani, mkia wake wote hufuatika. Mwaka 2021 wahalifu waliifunga mitambo ya kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani wakalipwa Bitcoin 75. Haukupita muda serikali ya nchi hiyo ikarejesha zaidi ya 63 kati ya hizo, kwa kuzifuata daftarini. Ni kweli kwamba zipo sarafu nyengine, kama vile Monero iliyoanza mwaka 2014 na Zcash ya mwaka 2016, zilizotengenezwa kwa kusudi la kuficha zaidi. Lakini anayeziingia bila elimu ni sawa na aliyejifunika shuka kichwani akadhani hakuna amwonaye.

Kosa la wakubwa ni kuamini kwamba kila kinachoitwa sarafu ya kidijitali ni kitu kimoja, ama chote ni haramu ama chote ni neema. Kwa imani hiyo tunashindwa kuwalinda wananchi. Kuanzia mwaka 2014 ilitembezwa duniani sarafu iliyoitwa OneCoin. Ilifika mpaka kwa jirani zetu wa Uganda, ambako watu wa kawaida walitoa akiba zao. Mabilioni ya dola yalikusanywa, na mwaka 2017 mwanamke aliyekuwa akiiongoza akatoweka. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba daftari la kweli halikuwapo. Palikuwa na picha za tarakimu zinazopanda tu. Mwanafunzi mmoja aliyesoma mafumbo kwa muhula mmoja angeuliza swali moja: daftari liko wapi tulikague? Na udanganyifu ule ungeishia barazani. Wananchi wetu nao wamekwisha kuumizwa na michezo ya namna hiyo kwa majina mbali mbali. Marufuku peke yake haikuwahi kuwaokoa, kwani kila mchezo mpya huja na jina jipya. Kinachomwokoa mtu ni kujua la kuuliza.

Serikali haikulala katika jambo hili. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi juu ya sarafu hizo. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijitayarishe kwa mabadiliko hayo. Mwaka huo huo Benki ikaeleza kuwa imeanza matayarisho ya fedha ya kidijitali ya Benki Kuu yenyewe, na mwezi Januari 2023 ikasema kwamba itakwenda hatua kwa hatua na kwa hadhari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 nayo ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya mali za kidijitali. Tunaipongeza hadhari hiyo. Lakini hadhari inataka watu wenye ujuzi wa kuitekeleza, na ujuzi hauagizwi kwa meli.

Sasa tufike katika kiini cha maneno yetu, nacho ni faragha. Shilingi ya karatasi haina jina. Mama anayenunua samaki Darajani hatoi khabari kwa mtu yeyote kwamba leo amenunua changu na jana alikosa. Kijana anayemnunulia dawa baba yake hamtangazii jirani ugonjwa wa mzee. Faragha hiyo tuliirithi bila ya kuiomba. Malipo yanapohamia katika simu, kila moja linaacha alama: jina, saa, kiasi na aliyelipwa. Tunanyang'anywa kitu ambacho hatukuulizwa kama tunakubali kukitoa.

Katika mila zetu mtu hasukumi mlango wa mwenziwe. Hubisha hodi, tena mara tatu, na asipojibiwa hurudi alikotoka. Dini inaamrisha adabu hiyo na inakataza kupeleleza aibu za watu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake ya nyumbani na mawasiliano yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imepitishwa mwaka 2022. Kwa hiyo anayedai faragha hatafuti uasi. Anadai hodi.

Yanayotokea katika vitendo yanasikitisha. Hivi karibuni tulinunua karanga kwa kijana anayeuza njiani. Tulipoikunjua karatasi iliyofungiwa, tuliona ni fomu yenye jina la mwananchi, namba ya kitambulisho chake, mtaa anaokaa na maradhi aliyokuwa akitibiwa. Hatutaitaja ofisi ilikotoka, maana hatuna hakika kuwa ni hiyo peke yake. Na nani kati yetu hajapokea ujumbe wa matapeli wa simu, wale wanaotwambia ile fedha tuitume kwa namba hii, na mara nyengine wanalijua mpaka jina? Siri ya mtungi aijuaye kata. Taarifa za watu hazitoki zenyewe madukani na maofisini. Hutolewa na mikono iliyokabidhiwa kuzitunza. Lau fomu ile ingekuwa katika kompyuta na imefungwa kwa fumbo barabara, aliyeiiba angepata tarakimu zisizo na maana, na mgonjwa yule asingekuwa kifungio cha karanga.

Tunajua hoja itakayotolewa na baadhi ya maofisa. Watasema: mwenye nia njema hana cha kuficha, na anayeficha malipo yake ni mla rushwa, mwuza dawa za kulevya au mkwepa kodi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nasi hatuupuuzi. Wapo wanaotaka kujificha ili waibe, na dola isiyoweza kumfuata mwizi haifai kuitwa dola. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na nchi inayoficha hesabu zake zote haiendelei.

Lakini tuweke mizani sawa. Mwenye kushika mali ya umma anawajibika kuiweka wazi, na mwananchi katika mali yake ya halali ana haki ya faragha. Uovu huanza pale mambo yanapogeuzwa, mkulima wa mwani akaonekana ndani na nje, ilhali mikataba ya mamilioni inafungiwa kabatini. Elimu ya mafumbo inaweza kuzitumikia pande zote mbili. Sahihi ya kidijitali ikitiwa katika hati ya ardhi au katika orodha ya mishahara, hapana atakayebadilisha tarakimu moja usiku bila ya kugundulika asubuhi. Upande wa pili, tangu mwaka 1985 wataalamu wameonyesha kwamba mtu anaweza kuthibitisha jambo bila ya kufichua kilicho nyuma yake: akathibitisha kuwa ametimiza umri bila kutaja siku aliyozaliwa, au kwamba amelipa kodi bila kuonyesha kila alichonunua. Anayetaka kufuatwa kwa tuhuma afuatwe kwa amri ya mahakama, mtu mmoja kwa jina lake, badala ya kuwaweka watu wote chini ya darubini kwa sababu tu mashine inaweza.

Na kama yupo kiongozi ambaye bado anaona kuwa mambo haya tuwaachie wageni wenye utaalamu, tunamwomba azingatie habari ya kampuni ya Crypto AG ya Uswisi. Kwa miongo mingi kampuni hiyo iliziuzia serikali zaidi ya 100 mashine za kufungia khabari zao za siri. Zilinunuliwa kwa imani kwamba Uswisi haina upande. Mwezi Februari 2020 waandishi wa khabari wa Marekani, Ujerumani na Uswisi walifichua kwamba tangu mwaka 1970 kampuni hiyo ilikuwa ni mali ya mashirika ya ujasusi ya Marekani na Ujerumani ya Magharibi, na kwamba mashine zake zilitengenezwa ili wao waweze kuzisoma. Serikali zile zililipa kwa fedha za wananchi wao ili zisikilizwe. Kufuli walilinunua, lakini funguo hawakuzihesabu. Wahenga hawakuona haya kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ndipo tunaporudi katika shilingi ya kidijitali. Ikiwa siku moja itakuja, watu wa visiwani wana haki ya kuuliza mapema. Nani atayaona malipo ya mwananchi, na kwa amri ya nani? Funguo kuu zitawekwa wapi, na mikononi mwa raia wa nchi gani? Malipo madogo ya sokoni yatapewa siri kama iliyonayo noti ya karatasi? Na umeme ukikatika itakuwaje? Swali hili la mwisho si la kubahatisha, kwani Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na biashara zilikwenda kwa noti na sarafu. Wenzetu wa Bahamas, watu wa visiwa kama sisi, walianzisha fedha yao ya kidijitali, Sand Dollar, mwezi Oktoba 2020, wakikumbuka jinsi kimbunga cha mwaka 2019 kilivyovibomoa visiwa vyao. Mpaka sasa imetumika kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Na ni huko huko Bahamas ilikokuwa na makao yake kampuni ya FTX, soko kubwa la sarafu za watu binafsi lililoporomoka mwezi Novemba 2022 na kuwaachia wateja vilio. Kisiwa kimoja kimetupa mafunzo mawili: fedha ya Serikali haikubaliki kwa amri tu, na fedha ya tajiri haiaminiki kwa tabasamu tu.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, somo hili lianze skuli. Halihitaji jengo jipya wala mashine za bei kubwa. Mtoto anayejua kwamba saa kumi ukiongeza saa tano ni saa tatu amekwisha kuianza hesabu ya duara, ambayo ndiyo msingi wa mafumbo ya leo. Pili, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume ziwe na nafasi za kudumu za vijana wa kike na wa kiume watakaoisomea elimu hii mpaka ukomo wake, na warudi kuitumikia nchi kwa mishahara itakayowafanya wasiuzwe. Tatu, BAKIZA na BAKITA zitupatie istilahi zilizo wazi, ili karani wa Mkoani na hakimu wa Vuga waweze kuuzungumza ufunguo wa siri na ufunguo wa hadhara kwa lugha wanayoiota. Nne, pasinunuliwe mtambo wowote wa kutunza fedha au taarifa za wananchi kabla haujakaguliwa na wataalamu wetu wenyewe, na muuzaji anayekataa kukaguliwa arejeshewe mzigo wake.

Itasemwa kuwa hatuna watu. Tarehe 23 Septemba 1964, ilipotangazwa elimu bila ya malipo katika visiwa hivi, walimu pia walikuwa wachache na madarasa yalikuwa haba. Lau wazee wetu wangengojea wapatikane watu kwanza, sisi tunaoandika haya tusingejua kuandika. Watu hupatikana kwa kusomeshwa.

Mwalimu wetu wa chuoni amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwahi kuiona kompyuta. Lakini alijua jambo ambalo wanunuzi wa Crypto AG hawakulijua, kwamba anayetegemea mwenziwe hafahamu siku moja atasemeshwa kwa lugha yake mwenyewe. Vijana wetu wana akili za kutosha kuzifungua tarakimu 20 zilizomo katika mita na kutueleza zimefungwaje. Kazi ya wakubwa ni kuwapa daftari, kalamu na mwalimu.